Tiki za Mkwe

Daftari la Kache ndilo lililokuwa zuri kuliko yote darasani, na hilo halikuwa siri kwa mtu yeyote pale Dabaso. Alilifunika kwa karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, upande mweupe ukiwa nje, akalizungushia kipande cha leso kuukuu lisilowe jasho. Kila mchana, akishapika na kuwatilia kuku maji, hulikumbatia akashika njia ya darasa la ngumbaru. Huko njiani ukimsalimu tu, umekwisha. Atasimama, atafungua fundo la leso polepole kama mtu anayefungua mkate wa mofa usipoe, kisha akuoneshe.

"Tazama," husema. "Tiki. Na hapa tiki. Huu ukurasa wote tiki, mpaka wino wataka kumwishia mwalimu."

Na kweli zilikuwa tiki, nyekundu, kubwa, zenye mikia mirefu. Watu walimpongeza. Mama Bridgit, yule muuza bajia aliyekaa karibu na lango la shule, alimwambia, "Mama Nyevu, wewe ungesomeshwa udogoni, leo tungekuona kwenye televisheni." Kache akacheka na kujifunika mdomo kwa ncha ya leso. Hakuwa mtu wa kujivuna, ila daftari lile lilimshinda nguvu.

Sasa, ili ujue tiki zile zilitoka wapi, lazima kwanza umjue mwalimu.

Mwalimu wao wa awali alikuwa Bi Janet, mwanamke mnene, mcheshi, aliyewafunza herufi kwa kuziimba na kuzipigia makofi. Akahamishwa Rabai. Wazee walimlilia, wakamfungia nazi na muhogo wa kwenda nao. Wakaambiwa wasihuzunike, atakuja mwalimu mwingine, mwanamume, anayefundisha watoto asubuhi, naye amekubali kuwafundisha wazee mchana; jina hawakutajiwa. Siku ya kumpokea, Kache aliwahi kiti cha mbele kabisa. Alikuwa ametia mafuta miguu na kuchonga penseli pande zote mbili. Mlango ukafunguka, akaingia Dena.

Dena ndiye aliyemwoa Nyevu, binti yake Kache. Mkwewe hasa.

Kwa Wagiriama wa rika la Kache, mama na mkwewe mwanamume hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali chombo kimoja, na wakikutana kijiani mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Si uadui, la. Ni heshima yenyewe hiyo. Kadiri unavyompenda mkweo ndivyo unavyomkimbia, na Kache alimpenda Dena sana, kwa hivyo alikuwa akimkimbia mbio.

Siku hiyo alijifunika leso gubigubi akatafuta pa kutokea. Mlangoni alikuwa Dena. Kache akapitia dirishani. Tushukuru kwamba dirisha la darasa lile halina kioo wala chuma, ni ukuta ulioishia kiunoni tu. Lakini Kache naye ni mwanamke aliyeinama kwenye tope la mikoko maisha yake yote, na magoti yake yana maoni yao. Alikwama hapo juu kidogo, mguu mmoja ndani na mmoja nje, kisha akadondoka upande wa pili, leso moja ikabaki imenasa kwenye msumari. Dena alipotambua ni nani, aliinamisha kichwa akarudi kinyumenyume hadi uwanjani, chaki ingali mkononi. Darasa likabaki halina mwalimu wala mwanafunzi wa mbele.

Bi Shekha, mwanafunzi mwenzake, alicheka mpaka akaketi sakafuni. Shekha ni mzaliwa wa Mambrui, aliyeletwa pande hizi na ndoa akazikalia hata baada ya mumewe kufariki. Yeye na Kache walikuwa mashoga wa tangu ujana. Alimfuata nyuma ya tangi la maji, alikokuwa amejibanza.

"Nyinyi Wagiriama mna mambo!" alisema, akijifuta machozi kwa ukaya wa buibui. "Mimi mkwe wangu akija humkalisha kitako, nikamtilia chai na mahamri, nikamuuliza mbona amekonda. Wewe wako wamkimbia kama uliyemwibia kuku!"

"Shekha, niache. Kila mtu na haya zake."

"Haya zako zitakuwacha mjinga."

"Basi na niwe mjinga mwenye adabu."

Alijibu hivyo kwa ukali, lakini neno lile lilimwingia. Kwani Kache alikuwa na jambo lake na elimu hii, na jambo lenyewe lilikuwa hili.

Miaka mingi nyuma, yeye na Shekha na mwanamke mwingine aliyeitwa Pola walianza kuotesha miche ya mikoko kando ya hori la Mida, mahali ambapo miti ilikuwa imekatwa hadi pakawa peupe. Watu waliwacheka. Wanawake watatu kutwa wamezama tope la magotini, wanapanda miti ambayo haina tunda la kula! Pola ndiye aliyekuwa akiwajibu, maana ulimi wake ulikuwa na pilipili. Miti ikaota, kaa wakarudi, samaki wakarudi, na wale waliocheka wakaja kuomba kuandikishwa. Sasa ni kikundi kikubwa, kina kitalu na mapipa na katibu, na kila mwaka kina siku yake ya kupanda. Wageni huja wakavua viatu, na kikundi huwasomea risala.

Kwa vile waanzilishi wale hawakujua kusoma, risala ilisomwa na msomaji wa kuazima. Mwaka uliopita, mwaka uleule aliofariki Pola, msomaji alikuwa kijana mmoja mwenye haraka zake. Jua lilikuwa kali, kipaza sauti kinapiga mluzi. Kache alikaa kwenye kiti cha mwenyekiti, mikono mapajani, anasubiri jina la Pola. Kando yake alikaa Mzee Mwaringa, mume wa marehemu, amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia mpya kwa ajili ya kusikia jina hilo tu. Halikuja. Kijana aliruka kifungu kizima cha waanzilishi akatua kwenye shukrani. Alipoulizwa baadaye alisema, "Bibi, hata sikukiona." Mzee Mwaringa akainuka. Alivua kofia, akaikunja, akaenda zake.

Hapo ndipo Kache alipoapa moyoni kwamba mwaka unaofuata jina la Pola litasomwa, na litasomwa na yeye. Juma lililofuata akaingia ngumbaru.

Kwa hivyo hakuweza kuiacha shule kwa sababu ya mkwe. Wala hakuweza kumtazama mkwe kwa sababu ya shule. Aliyeitatua ni Shekha.

"Kwetu kwenye maulidi wanawake hutiliwa pazia," alisema, "na hakuna kasida inayotupita. Ngoja nikutilie pazia."

Alivuta kamba kona ya nyuma ya darasa, akatundika leso ya Kache, ileile iliyonasa msumarini. Ilikuwa leso ya kisutu chekundu, imeandikwa HAYA YANGU SI WOGA WANGU, ingawa Kache aliinunua kwa kupenda rangi na hakuwahi kuyasoma maneno hayo. Nyuma yake akawekwa kiti na meza. Utaratibu ukawa hivi: Dena akishaandika ubaoni hutoka nje, akasimama barazani akatazama minazi. Kache husogeza leso, akanakili. Akimaliza, Shekha hugonga meza, leso ikarudishwa, na mwalimu akaingia.

Mazungumzo nayo yalipitia kwa Shekha.

"Bi Shekha," Dena angesema, macho yakiwa juu kwenye paa, akimtaja mama mkwe kwa wingi wa heshima, "waambieni mama kwamba wamekaribia."

"Kache!" Shekha hupaza sauti utadhani kati yao pana bahari. "Umekosea!"

"Sikusema hivyo, Bi Shekha."

"Wewe umesema kwa adabu, mimi nimefasiri."

Darasa zima hucheka, na nyuma ya leso husikika sauti ya Kache, "Shekha, wewe siku moja ulimi wako utakatwa na mlango."

Madaftari yalikusanywa na Shekha na kurudishwa na Shekha. La Kache likaanza kurudi na zile tiki zenye mikia. La Shekha likarudi limejaa makosa, mistari miwili miwili iliyokingamana, jekundu kama sahani ya achari. Kache alimwonea huruma ya dhati.

"Usivunjike moyo, shoga," alimwambia. "Vichwa havilingani. Vyengine ni vizito."

"Ahsante, profesa," Shekha akajibu.

Siku ya kupanda ikakaribia, wanakikundi wakakutana chini ya kibanda cha kitalu. Linet, katibu, msichana mpole wa sauti nyembamba, aliuliza nani atasoma risala. Kache akainua mkono. Watu wakageuka.

"Bibi, kwa heshima zote," alisema Linet, "twaweza kugawana. Wewe ufungue, nami nimalizie."

Kache akasogea mbele. Alifungua fundo la leso, akalifunua daftari mbele yao, ukurasa baada ya ukurasa. Tiki, tiki, tiki. Wakapiga makofi. Mzee Mwaringa, ambaye tangu kufiwa huja mikutanoni akakaa pembeni na kopo lake la tumbaku ya kunusa, aliinua kichwa. Akamtazama Kache, akasema taratibu, "Basi mwaka huu nitaitoa tena ile kofia."

Asubuhi iliyofuata Linet alileta risala, imechapwa vizuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Weka hapo, mikono yangu ina unga."

Alinawa, akaketi kwenye kibao mlangoni pa jikoni, akaikunjua. *Mgeni*. Hilo alilipata. Alitabasamu akaenda la pili. La pili likakataa. La tatu aliliona kama analijua, akalisogelea, na lo! Maneno yale yalikuwa kama kaa wa mikoko. Ukiwa mbali wamejaa tele juani, ukisogea hatua, kila mmoja ameingia shimoni mwake. Alijaribu kutoka juu, akajaribu kutoka chini. Mwisho akasema, basi na nilitafute jina la Pola tu, hilo haliwezi kunificha. Kidole kikashuka karatasi yote, kikapanda tena. Hakuliona.

Alimkuta Shekha anakuna nazi, amekalia mbuzi.

"Nisomee."

"Nikusomee nini, nawe ndiye tiki?"

"Nisomee, Shekha."

Shekha alimtazama uso, akapangusa mikono. Alisoma. Alikwama, akarudi, akakwama tena, akalaani herufi moja kwa jina la babu yake, lakini alikwenda. Alifika kwenye waanzilishi, akalitaja jina la Pola, akavuka.

Kache alikaa chini mchangani. "Wewe wa makosa wasoma. Mimi wa tiki sisomi. Haya ni mambo gani?"

"Lete daftari."

Wakayaweka mawili yakatazamana. Imla ya juzi ilikuwa sentensi ya mwanamke aliyepeleka ndoo kisimani. Wote wawili walikuwa wamesahau kuiandika ndoo. Ya Shekha ilikuwa na kosa limekingamana pale pale ndoo ilipokosekana. Ya Kache ilikuwa na tiki, mkia wake umevuka hadi mstari wa pili. Shekha akaendelea kufungua, na kila akifungua macho yanamtoka.

"Hapa umeruka mstari, tiki. Hapa ulimwaga chai, shoga, hii si hati, hii ni chai! Tiki. Na hapa..." Alishindwa kuendelea. Alishika ubavu. "Hapa hukuandika kitu! Mkweo ametia tiki kwenye karatasi tupu!"

Alicheka mpaka kifuu kikabingirika. Kache hakucheka. Aliona lile daftari alivyolitembeza kijiji kizima, akamwona Mzee Mwaringa anaitoa kofia kabatini.

"Ananiheshimu," alisema hatimaye. "Mtoto wa watu ananiheshimu, mpaka nitaaibika mbele ya halaiki."

Hapo Shekha naye aliacha kicheko. "Nitamwambia mimi."

Alimwambia. Dena alimsikiliza mpaka mwisho kisha akasema, kwa adabu zake, "Bi Shekha, nawajua mnavyofasiri. Mama hawawezi kuwa wamesema hivyo." Ulimi wa Shekha ulikuwa umetia chumvi siku nyingi, na siku ya kusema kweli haukuaminiwa.

Kache akamwita Nyevu. Nyevu alikaa, akacheza na ukindu wa mkeka, kisha akasema kwa kusitasita, "Mama, mimi humwona akisahihisha. Daftari lako huliweka la mwisho. Kwanza hunawa mikono. Akiinua kalamu atie kosa, jasho lamtoka hapa. Huniambia, 'Nyevu, nitawakataje wazazi wako kwa wino mwekundu?'"

"Mwambie akate!"

"Nimemwambia. Asema ruhusa kama hiyo hailetwi na mke. Atoe mwenye haya zake mwenyewe."

Mwenye haya zake hawezi kusema naye. Kache alilala na fundo hilo na kuamka nalo, na alipokuwa akichota maji ya kuku ndipo likamfungukia. Mdomo ulikatazwa. Macho yalikatazwa. Lakini mkono wa kuandika haukukatazwa popote, kwa sababu wale wahenga walioziweka haya hizo hawakuwa na chaki.

Mchana huo alifika darasani kabla ya wenzake. Watoto wa asubuhi walikuwa wameacha vumbi na harufu ya maembe. Alivuta benchi akalipanda, akashika ubao kwa mkono mmoja asianguke, akaandika. Chaki ilivunjika. Akaokota kipande, akaendelea. Alizitafuta herufi moja moja, kwa wimbo wa Bi Janet, huku akipiga makofi moyoni. Maneno yake yalipanda ubao kama mbuzi wanavyopanda kichuguu, mwingine huku, mwingine kule. Lakini yalisomeka hivi: *Mkwe. Heshima nimeiona. Sasa nipe makosa yangu. Mimi Kache.*

Akashuka, akaingia nyuma ya leso, akaketi na unga wa chaki mpaka kwenye nyusi.

Wenzake waliingia, wakaona, wakakaa. Hata Shekha alisoma kimya, midomo ikicheza. Kisha akaingia Dena. Kutoka alipokuwa, chini ya pindo la leso, Kache aliviona viatu vyake tu. Vilitembea, vikasimama. Vilisimama muda mrefu, mpaka kuku wa jirani akaingia, akakagua darasa, akatoka. Viatu vikageuka kuelekea mlangoni. Halafu vikarudi. Vikaenda ubaoni.

Kwaru. Kwaru. Mikwaruzo miwili ya chaki. Kisha mwandiko, taratibu. Kisha viatu vikatoka nje upesi kama vya mtu aliyevunja chungu.

Kache alivuta leso. Kulikuwa na neno yeye Kache alilolikata mkia: *makosa* aliliandika bila herufi ya mwisho. Juu yake limeandikwa lilivyopaswa kuwa, na lenyewe limekingamishwa mistari miwili ya chaki nyekundu. Lilikuwa kosa dogo, lenye kutetemeka, kosa la mtu anayeomba radhi. Lakini ni kosa.

Kache alipiga kigelegele kilichofika kwa Mama Bridgit.

"Mola wangu," alisema Shekha, "tangu nizaliwe sijaona mtu akilipigia kosa vigelegele."

"Hili ni langu," Kache akamjibu. "Zile tiki zilikuwa zake."

Tangu siku hiyo daftari lilirudi jekundu. Mwanzo Dena alitia makosa madogo pembeni, kama anayeiba. Akazoea. Mkono ukawa mwepesi, na Kache akaanza kwenda mbele katika kusoma. Njiani hakuacha desturi yake. "Tazama," humwambia Mama Bridgit. "Kosa. Na hapa kosa. Hili ni kosa kubwa hili, nililifanya juzi, jana sikulirudia."

"Pole, Mama Nyevu."

"Pole ya nini? Haya ndiyo yenye mafuta."

Ikabaki kusoma kwa sauti. Hapo hapakuwa na daftari, na Dena kumkatiza mama katikati ya maneno, hilo lilimshinda kabisa. Kache akapanda tena benchi: *Nikikosea kusoma, kohoa.* Basi yeye husoma risala nyuma ya leso, na Dena barazani hukohoa. Kikohozi kimoja, Kache anarudi nyuma neno moja. Siku za mwanzo zilikuwa siku za kikohozi kitupu. Mama Bridgit aliyasikia yote kutoka langoni, na siku ya pili yake akamletea mwalimu kikombe cha tangawizi na asali, akasimama juu yake mpaka amalize. Akaendelea kumletea kila siku. Dena alikunywa, kwa adabu.

Siku ya kupanda ilifika na mawingu mepesi, hali nzuri kwa miche. Turubai likatandazwa, viti vya plastiki vikapangwa, vya mbele vikazama miguu kwenye mchanga laini. Afisa wa misitu alikuja na viatu vyeupe, akashauriwa, akavivua. Mzee Mwaringa alikaa kiti kilekile cha mwaka uliopita, kofia kichwani. Dena alisimama nyuma ya jiko la makuti walikokuwa wakipika pilau, mahali ambapo hawezi kuonekana lakini anaweza kusikika. Nyevu alikaa naye huko, anachochea moto.

Kache alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika jogoo. Karatasi alishikiwa na Shekha.

"Usitetemeke," Shekha akamnong'oneza.

"Ni wewe unayetetemeka. Tuliza karatasi."

Akaanza. Mgeni rasmi alimpita salama. Akawasalimu wazee, akamsalimu afisa, akasonga kwa mwendo wa mtu anayevuka tope, mguu mmoja umekaa ndipo auinue mwengine. "Miche yetu yote," alisoma, "ilikauka."

Khoo! Kutoka kwenye makuti.

Kache akarudi, akatazama. "Miche yetu yote ilikomaa." Afisa wa misitu, aliyekuwa ameanza kuhuzunika, akavuta pumzi.

Wakaendelea. Akaingia kwenye kifungu cha waanzilishi. Akasoma jina lake mwenyewe, watu wakapiga makofi. Akasoma Shekha binti Abdulkadir, na karatasi ikatikisika. Akasoma, "Na marehemu Pola."

Khoo, khoo!

Kache akasimama. Amekosea wapi? Akarudi. "Na marehemu Pola."

Khoo! Khoo, khoo!

Watu wakaanza kutazamana. Shekha akafungua mdomo amsaidie, Kache akamkanyaga kidole cha mguu. Aliinamia karatasi. Aliitazama herufi ya kwanza, akaiimba moyoni kwa wimbo wa Bi Janet, kisha ya pili, ya tatu, ya mwisho. Zilikuwa zimekaa kama zinavyotakiwa kukaa. Ni Pola. Si mwengine ni Pola, na akohoe mwalimu, akohoe na mkaguzi wa shule, hapa harudi nyuma.

Ndipo alipoinua macho akagundua kwamba kikohozi hakikutoka kwenye makuti. Mzee Mwaringa alikuwa ameivua kofia na kuifunika usoni, mabega yanamcheza.

"Mzee Mwaringa," alisema Kache kwenye kipaza sauti, kwa sauti ya upole, "kohoa tu. Hapa sijakosea."

"Ni tumbaku," mzee akasema ndani ya kofia.

"Naijua hiyo tumbaku." Akairudia karatasi, na safari hii hakuwa anatafuta kosa. "Na marehemu Pola, ambaye waliotucheka aliwajibu yeye."

Vigelegele vilipanda mpaka korongo waliokuwa ng'ambo ya hori wakaruka wote pamoja. Mwaka jana jina lile halikutajwa hata mara moja, na mwaka huu lilitajwa mpaka likarudiwa. Kache akamalizia shukrani bila haraka, akamshukuru na mpishi, ambaye hakuwemo kwenye karatasi.

Baadaye watu walipokaa mikekani kula, Nyevu alitoka jikoni na sahani ya pilau, na juu ya sahani karatasi iliyokunjwa.

"Kutoka kwa mwalimu," alisema.

Dena alikuwa na nakala yake ya risala huko nyuma ya makuti, na alikuwa amefuatilia kwa kalamu. Kwenye miche iliyokauka palikuwa na kosa, limenyooka, bila kutetemeka. Kache aliligusa kwa kidole akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kidole kikashuka, kikafika kwenye waanzilishi. Pembeni mwa jina la Pola palikuwa na tiki moja, ndogo, haina mkia.

Aliisogeza karibu na macho, wali ukipoa.

"Nyevu," aliuliza, "hii ni tiki ya kweli, au ni ya mkwe?"

"Nilijua utauliza, nikamuuliza. Asema umuulize mwenyewe."

Kache akaikunja karatasi, akaitia kifundoni mwa leso. Kisha akamgeukia Shekha, aliyekuwa amejaza mdomo.

"Wewe, chaki zile za darasani huwekwa wapi?"

"Zimekwisha," Shekha akasema. "Umezimaliza wewe, kwa kumwandikia mkweo."